Mbio za Aila Nzima

Katika visiwa hivi watu wa nyumba moja hutoka pamoja kwa mambo machache yanayojulikana. Hutoka kwenda harusini, ingawa huko wanawake hukaa upande wao na wanaume upande wao. Hutoka kwenda mazikoni, ambako hali ni hiyo hiyo. Na hutoka siku ya Idi, watoto wakiwa na nguo mpya na pesa za sikukuu mkononi, wakaelekea Mnazi Mmoja au Kariakoo kwa walioko Unguja Mjini, na Tibirinzi kwa walioko Chake Chake. Siku nyingine zote baba ana baraza lake la kahawa na bao, mama ana shughuli zake na kikundi chake cha ushirika, kijana ana mpira wake wa jioni, na binti, mara nyingi, hana mahali. Si kusudio letu leo kuilaumu desturi hiyo, ambayo ina hekima zake. Tunalotaka kulizungumza ni jambo moja linaloweza kuwatoa watu wa nyumba moja kwa pamoja, mara kadhaa kwa mwaka, kwa gharama ndogo kuliko ya sikukuu: nalo ni mbio za mtaani.

Kwa hakika mbio si jambo geni kwetu. Mtu atokaye nyumbani alfajiri ya siku ya mapumziko, kabla jua halijapanda, atavikuta vikundi vya mazoezi vikishika njia, wanaume kwa wanawake, wengine vijana na wengine watu wa makamo wenye vitambi ambavyo wao wenyewe wameamua kuvipiga vita. Kila tarehe 1 Januari vikundi hivyo hukusanyika kutoka kila upande katika Siku ya Mazoezi, na viongozi wakuu wa Serikali hutembea pamoja nao. Na ukiachilia mbali miguu ya binadamu, Mzanzibari ni mtu wa mashindano tangu zamani: ana resi za ngalawa, ana resi za baskeli, na katika viwanja vya skuli hapana mtoto asiyezijua mbio za magunia na zile za kubeba kijiko chenye ndimu mdomoni. Kwa hiyo hatuna haja ya kufundishwa kupenda kushindana. Tunalolikosa ni shindano ambalo babu, mama na mjukuu wanaweza kuliingia asubuhi moja, kila mmoja kwa kasi yake, wakarudi nyumbani na hadithi moja.

Hapa hapana budi tuseme neno juu ya jina. Siku hizi kila watu wakikusanyika na fulana za rangi moja wakakimbia, hata kama ni kutoka mzunguko mmoja wa barabara hadi mwingine, husemwa kwamba ni “marathoni”. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Urefu huo ulitumika mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, ukathibitishwa rasmi mwaka 1921, nao ni zaidi ya mwendo wa kutoka Mjini hadi Chwaka, yaani kukikata kisiwa cha Unguja kutoka pwani ya magharibi hadi ya mashariki na bado njia haijakwisha. Anayemwalika mwanamke mwenye watoto watano kwenye “marathoni” amekwisha kumtisha kabla hajavaa viatu. Mbio tunazozisemea sisi ni za kilomita 1, 2 au 5, na tungependa ziitwe mbio tu.

Sasa tuulize: kwa nini aila haizionekani katika mbio nyingi za barabarani zilizoanzishwa nchini katika miaka ya karibuni? Sababu ya kwanza ni ada. Tuseme ada ni shilingi 20,000 kwa kila mshiriki, nayo ikachukuliwa kuwa ni ndogo kwa sababu ndani yake mna fulana na medali. Kwa kijana mmoja mwenye kazi ya mshahara, labda ni ndogo. Lakini nyumba yenye watu saba itatakiwa shilingi 140,000, na hapo baba wa watu atafanya hesabu ya unga, mchele na daftari za skuli, kisha atabakia barazani. Fulana ni kitu kizuri, lakini hakuna mtu aliyepata kushindwa kukimbia kwa kukosa fulana ya mdhamini. Mbio za mtaa zikitoa fulana zitoe kwa anayetaka kuinunua, na njia iachwe wazi kwa kila mtu.

Mfano upo, nao hautoki katika nchi ya ndoto. Tarehe 2 Oktoba 2004 watu 13 walikusanyika katika bustani ya Bushy Park, magharibi mwa London, wakakimbia kilomita 5 wakipimiwa muda, bila ya kulipa hata senti. Wiki iliyofuata wakarudi. Leo mkusanyiko huo, uitwao parkrun, hufanyika kila Jumamosi asubuhi katika mamia ya bustani na pwani za nchi nyingi. Mwaka 2011 uliingia Afrika ya Kusini, ambako umepata wafuasi wengi. Hauna ada, wala hauna zawadi ya fedha, na kazi zote, kuanzia kushika saa mpaka kuelekeza njia, hufanywa na watu wa kujitolea wa mahali pale pale. Mtoto wa chini ya miaka 11 hukimbia akiwa karibu na mzazi wake kiasi cha kufikiwa kwa mkono. Na kuna jambo moja katika utaratibu wao ambalo sisi tumelipenda kuliko yote: huwekwa mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kutembea nyuma ya watu wote hadi mwisho, ili asipatikane mshiriki anayeweza kuambiwa kwamba amekuwa wa mwisho. Yule wa mwisho ni yeye daima, na yuko kazini.

Hatusemi tuige kila kitu. Waingereza wana bustani kubwa na baridi; sisi tuna barabara, mchanga na jua. Lakini wazo la mbio zisizo na ada, zinazoendeshwa na wenyeji, karibu na nyumba, mara kwa mara, halina utaifa.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni suala la wanawake. Wako wazee wetu waheshimiwa wanaoona kwamba mwanamke kukimbia barabarani ni kupunguza heshima yake. Tunawaelewa, kwa kuwa mbio nyingi wanazozijua wamezionea katika televisheni, na mavazi ya humo siyo ya kwetu. Lakini mavazi si mbio. Roqaya Al-Ghasara wa Bahrain alikimbia akiwa amejifunika tangu kichwani, akatwaa dhahabu ya mita 200 katika Michezo ya Asia iliyofanyika Doha mwaka 2006. Mwaka 2012, mjini London, Sarah Attar wa Saudi Arabia alishiriki mita 800 za Olimpiki kichwa chake kikiwa kimefunikwa. Alifika nyuma sana ya wenzake, na uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Ikiwa michezo mikubwa ya dunia iliwapokea na stara zao, hapana sababu ya kuwakataza wa Kiembesamaki au wa Wete wanaotaka kukimbia na suruali pana, kanzu fupi na mtandio uliofungwa vyema. Na kwa wale wanaotaka ushahidi wa karibu zaidi, imo katika mkusanyiko wa hadithi wa Abu Dawud habari ya Mtume mwenyewe kushindana mbio na mkewe Bibi Aisha: mara ya kwanza mke akamshinda mume, na baadaye, mwili wake ulipokuwa umenenepa, mume akamshinda mke, akamtania kwamba sasa wamelipana. Sisi si mashekhe, na tafsiri ya sheria tunawaachia wenyewe. Tunachokiona katika habari hiyo ni watu wa nyumba moja wanaocheza pamoja na kucheka.

Liko pia jambo la afya, ambalo maofisa wetu wa Wizara wanalijua kuliko sisi, basi tutalipita upesi. Katika mabaraza ya siku hizi mazungumzo ya sukari na presha yamekuwa ya kawaida kama yalivyokuwa mazungumzo ya bei ya karafuu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku. Mbio za mara moja kwa mwezi hazitoshi kuzijaza dakika hizo. Lakini mtoto aliyeandikishwa kwa mbio za mwezi ujao hatakubali kukaa; atamtoa baba yake nje jioni kwenda kujaribu, na huko kujaribu ndiko kwenye faida.

Kuhusu watoto wenyewe, tuwe waangalifu. Mbio nyingi za marathoni duniani hazimpokei aliye chini ya miaka 18, na wako wazazi ambao kwa fahari ya kutaka kuonekana huwasukuma watoto wadogo kwenye masafa yasiyo yao. Mtoto wa miaka sita amekwisha kukimbia ya kutosha kwa siku akimaliza kilomita moja, na akitaka kutembea katikati aachwe atembee. Aidha mwili wa mtoto huhimili joto vibaya kuliko wa mtu mzima, na joto letu ni joto kweli. Majira ya kaskazi, kuanzia Disemba hadi karibu na masika, hewa ni nzito hata alfajiri. Wakati unaofaa ni wa kusi, Juni hadi Agosti, upepo ukiwa baridi na mvua kubwa zimekwisha. Mbio zianze saa 12:30 asubuhi, watu wakiwa wamekwisha kuswali, na saa 2 kila mtu awe kivulini na kikombe cha uji wa moto au dafu. Maji ya kunywa yawekwe njiani, si mwisho peke yake.

Na hapo tunafika kwenye ugonjwa ambao tunaomba viongozi wetu watusamehe kwa kuutaja. Mara nyingi katika shughuli zetu watu huambiwa wafike saa 12, nao hufika. Kisha husubiriwa mgeni rasmi. Huja saa 2, au saa 2 na nusu, kwa kuwa ana majukumu mengi. Huzungumza kwa nusu saa juu ya umuhimu wa michezo. Halafu ndipo watoto, waliokwisha kuchomwa na jua na kumaliza maji yao, hupigiwa filimbi ya kuanza. Katika mpira jambo hilo ni kero. Katika mbio ni hatari. Tunapendekeza kanuni moja: mbio zianze kwa saa iliyotangazwa, awepo aliyepo. Mgeni rasmi atakayechelewa atapewa kiti mwisho wa njia awapokee wanaofika, na huko atakuwa na faida kubwa zaidi. Na yule atakayewahi, akavaa viatu vya mpira na kutembea kilomita mbili pamoja na watoto wa shehia, hatahitaji kutoa hotuba.

Gharama ya mambo haya kwa Serikali si kubwa, lakini si sifuri, na ni vyema isemwe wazi. Kinachohitajika kwanza ni barabara. Barabara nyingi za ndani zimetiwa lami katika miaka ya karibuni, nazo ni nzuri kwa miguu kama zilivyo nzuri kwa magari. Tatizo ni kwamba bodaboda na daladala nazo zimezipenda, na hapana mzazi mwenye akili atakayemwachia mtoto akimbie ukingoni mwa lami huku magari yakipita. Askari wawili wa usalama barabarani na saa mbili za kuifunga njia, wakati ambapo magari ni machache, vinatosha kwa mbio za kilomita 5. La pili ni mhudumu wa afya mwenye sanduku lake la huduma ya kwanza. La tatu ni kibali ambacho sheha anaweza kukipata bila ya kupanda na kushuka ngazi za ofisi nne. Baraza la Taifa la Michezo la Zanzibar lingeweza kuandika ukurasa mmoja wa utaratibu, ukapelekwa katika kila wilaya, ili sheha wa Micheweni ajue aanze kwa nani kama anavyojua mwenzake wa mjini. Zanzibar ina watu 1,889,773 kwa hesabu ya Sensa ya mwaka 2022. Hawawezi wote kusubiri mbio zinazoanzia Forodhani.

Kwani vijijini ndiko kwenye njia zenye raha. Pemba ina vilima, na anayedhani kilomita mbili ni fupi na azikimbie huko kwenye vilima. Lakini huko wakati wa vuno karafuu huanikwa juu ya majamvi kando ya barabara, na waandalizi wasiotoka pale wataipanga njia katikati ya riziki za watu. Pwani ya mashariki ya Unguja kuna mchanga mpana maji yakitoka, mgumu chini ya mguu, hauna gari wala vumbi. Ila huko nako, tangu kilimo cha mwani kilipoanzishwa Paje na Jambiani mwaka 1989, mbele ya vijiji kuna mistari ya vigingi na kamba ambayo ni mashamba ya wanawake. Kwa hiyo kalenda ya mbio za pwani haipangwi ofisini. Ataulizwa mvuvi juu ya maji, wataulizwa wakulima wa mwani juu ya njia, na baadaye ndipo itaandikwa barua.

Wako watakaosema kwamba njia haiwezi kupimwa bila ya wataalamu. Hata wapimaji rasmi wa mbio za dunia hutumia baskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu. Sheha hana haja ya kifaa. Achukue baskeli, apime mzingo wa gurudumu kwa futi ya fundi cherehani, atie alama ya chaki kwenye mpira. Ikiwa mzingo ni mita 2.1, basi mizunguko 2,381 ni kilomita 5. Wape watoto wa darasa la sita kazi ya kuhesabu, kwa zamu, na mwalimu wa hesabu atakuwa amepata somo la wiki nzima.

Limebakia suala la ushindi, ambalo ndilo huharibu mambo mengi mazuri. Taifa letu limezaa wakimbiaji. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Na mwaka 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa tofauti isiyofikia hata sekunde moja. Tunawaonea fahari, na pengine katika mbio hizi za mitaa ataonekana mtoto mwenye miguu kama yao. Lakini Mtanzania ambaye jina lake linafaa kutajwa kwa watoto kabla ya mbio za mtaa ni John Stephen Akhwari, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaanguka na kuumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea. Alifika wa 57, nyuma ya wote waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde, wakati giza limeingia na watazamaji wengi wamekwisha kwenda zao. Wachache leo wanaokumbuka nani alikuwa wa tano.

Basi zawadi zipangwe kwa namna nyingine. Maoni yetu ni kwamba pamoja na mshindi wa kawaida wa kila rika, ambaye atapata kikombe chake na makofi yake, kuwe na shindano la nyumba. Kila nyumba iandikishe watu wanne au zaidi, na angalau mmoja awe chini ya miaka 12 na mmoja awe amepita 50. Muda wa nyumba usihesabiwe kwa yule wa kwanza kufika, bali kwa yule wa mwisho wao. Hapo kijana mwenye mbio hatakuwa na faida ya kuwaacha wenzake. Atarudi nyuma kumchukua mdogo wake mgongoni kama ikibidi, na baba atajifunza mwendo wa mama. Tunatazamia kwamba patakuwa na ubishi mkubwa, kwa sababu hakuna bibi wa Kizanzibari atakayekubali kuambiwa kwamba ndiye aliyeipotezea nyumba mbuzi wa zawadi, na kwamba wiki moja kabla ya siku yenyewe mabibi wataonekana njiani jioni, na buibui zao, wakijaribu miguu. Mwenye saa na akae pale pale kwenye kamba mpaka wa mwisho wao apite, na askari asiifungue njia kabla ya hapo.